Kijani cha Umma
Naandika haya kituoni, nimesimama, mgongo nimeupa ukuta wa duka la vocha. Suruali yangu ya kadeti, ile ya misiba na vikao vya harusi, ina mistari mitano ya kijani makalioni. Na mimi ni mtu wa Msimbazi, Simba damu! Tangu utoto sijavaa hata soksi ya rangi hiyo ya Yanga, hao wanaojiita Wananchi.

Nilikaa tu. Bustani ya umma, benchi la umma, na mimi mwenyewe umma. Nikafungua karanga zangu. Kijana mmoja, kofia ya gazeti kichwani, brashi mkononi, akanitazama kwa huruma ya mtu aliyekuta ajali.

"Mzee, hujaona kibao?"

"Kibao gani?"

Akainuka. Alikuwa amekikalia. RANGI MBICHI, mwandiko mzuri kweli.

"Sasa ningekaa wapi, mzee? Mabenchi yote mabichi."

Nikainuka kwa heshima zangu. Suruali ikachelewa kidogo kunifuata. Pale nilipokaa rangi imebanduka, na chini yake kutu imetulia kama mwenye nyumba. Nikamuuliza kwa upole, mwanangu, msasa hukupiga? Mji wa pwani huu, chumvi inakula chuma usiku na mchana. Unakwangua kwanza, unapaka ya kuzuia kutu, ndipo inakuja hii ya mafuta. Na ubao ule wa mwisho umeoza, kidole kinazama.

"Nimeambiwa paka, mzee. Sikuambiwa kwangua."

"Na ubao?"

"Si nimeupaka?"

Kweli kaupaka. Kapaka na bigijii iliyobandikwa chini yake, na jani la mwarobaini, na njia nzima ya mchwa kutoka ardhini mpaka juu, kijani kitupu, wenyewe wanapita ndani bila wasiwasi.

"Ila umenitia hasara. Bila picha silipwi."

Akapaka upya, juu ya maganda ya karanga. Kisha akaniomba nisimame pembeni ya benchi, nitabasamu, mwananchi akifurahia bustani. "Usigeuke tu, mzee." Nikatabasamu! Hivi mimi nina nini?

Benchi la kituo hiki, msiulize. Mbao zilitangulia, chuma kikafuata skrepa, imebaki miguu miwili ya zege na mama wa ndizi kaigeuza meza. Lile la zege tupu ng'ambo ya barabara, ukilikalia saa saba mchana unanyanyuka umeiva.

Mji Mkongwe kule Zanzibar wazee wana baraza zao za mawe, zimeshikana na ukuta wa nyumba. Nani ataupeleka ukuta skrepa? Mwenye nyumba anafagia, anapiga chokaa, watu wanakunywa kahawa. Shemeji yangu analo moja pana, ila ukikaa tu anaanza habari za mkopo, na ule wa mwaka juzi hajarudisha hata mia.

Daladala hiyo. Viti vitupu nyuma, mimi nitaning'inia. Konda ananiita, "Mwananchi, panda!"

Sijui kaniona mbele au nyuma.