Nilikata Hadi Mswaki

Mswaki wangu niliukata kwa msumeno wa chuma. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu anayekata mpini wa mswaki ili apunguze gramu nane hana haki ya kuonewa huruma sana kwa yatakayomkuta mbele.

Safari yenyewe ilikuwa ya baiskeli, kufuata pwani, kilomita mia tisa na kitu, wiki tatu, peke yangu, bila gari la kunifuata nyuma wala mtu wa kunipikia. Hema juu ya karia, jiko dogo, sufuria moja, viraka vya pancha, spoki za akiba zimefungwa kwenye fremu kwa selotepu. Miezi minne nililala na kuamka na mizani ya jikoni. Nilipima soksi. Nilipima soksi kavu, halafu nikailoanisha nikaipima tena, maana mvua ipo. Ramani niliikata upande wa baharini, kwa hoja kwamba baharini sitaendesha. Hapo niliokoa gramu sita, na mke wangu akaniuliza kama nitazihisi kwenye goti la kushoto au la kulia.

Kitu ambacho sikukipima ni namna ya kufika pale safari inapoanzia. Wasimulizi wa safari za baiskeli wakianza tu wako barabarani, bahari inametameta, upepo uko mgongoni. Hawasemi kwamba kabla baiskeli haijakubeba wewe, wewe ndiye unayeibeba kwanza. Na huo upepo wa mgongoni ndio ulioniponza: njia ya pwani huipangi kwa moyo, unaipanga kwa upepo, na wa msimu ule ulitaka nianzie mwisho wa mbali nirudi nao kwangu. Ikabidi nipande ndege.

Ukifikiria, ndege na baiskeli ni ndugu wa damu. Orville na Wilbur Wright walikuwa mafundi baiskeli kule Dayton, Ohio, kabla hawajarusha ndege yao Desemba 1903, na mapanga ya ndege hiyo yalizungushwa kwa cheni na magurudumu ya meno, vilevile kama baiskeli. Sasa jaribu kufika kaunta ya ndege na baiskeli yako, uone undugu huo umefia wapi.

Masharti yalikuwa boksi moja, lisizidi kilo 23. Usiku wa kuamkia safari nikaanza kufungua. Gurudumu la mbele, dakika moja. Usukani, dakika tano. Pedali ya kulia, sawa. Pedali ya kushoto ikagoma. Nikaikazia mkono, ikagoma. Nikaivalisha spana nikaikanyaga kwa kisigino huku nimeshika ukuta. Mdogo wangu, aliyekuwa amelala kwenye kochi na simu usoni, akaniangalia muda mrefu kabla ya kusema, "Kaka, hiyo unaikaza."

Kweli bwana. Hesi, ile mikato ya skrubu, ya pedali ya kushoto imegeuzwa, ili mizunguko ya miguu isiwe inaifungua polepole njiani. Zote mbili zinakazwa kuelekea mbele ya baiskeli na kufunguliwa kuelekea nyuma. Mimi nilikuwa nimetumia nusu saa, na uzito wangu wote, kuifanya pedali ile isitoke mpaka kiama. Ilitoka saa saba usiku, ikaondoka na ngozi ya vidole vyangu viwili.

Ikaja kupima boksi. Mizani tuliyokuwa nayo ya kupimia kitu kikubwa ni ile ya kupandia mtu. Kwa hiyo unajipima wewe kwanza, kisha unapanda umekumbatia boksi, kisha unatoa. Tatizo ni kwamba ukikumbatia boksi la baiskeli huoni miguu yako, sembuse namba. Mdogo wangu akalala kifudifudi sakafuni na tochi.

"Usitikisike."

"Sitikisiki."

"Unahema. Ukihema namba inacheza."

Nikaacha kuhema. Kilo 23.5. Nusu kilo ya ziada, na mswaki nimeshaukata, hakuna tena cha kukata. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo nalikumbuka jinsi lilivyonifurahisha: siti. Siti pamoja na bomba lake ni gramu 648, nilikuwa nazijua kwa kichwa. Nikaichomoa, boksi likashuka hadi kilo 22.85, na siti nikaamua nitaibeba mkononi. Ili nisiisahau, nikaisimamisha mlangoni, ikiegemea ukuta, mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kuiona.

Teksi ilipiga honi saa kumi alfajiri. Sasa elewa jinsi mlango wetu ulivyo: unafunguka kwa ndani. Kwa siku za kawaida tunaufungua nusu tu. Lakini boksi la baiskeli halipiti kwenye nusu mlango, kwa hiyo mke wangu aliusukuma hadi ukagota, akaushikilia kwa mguu, nami nikapita nikirudi kinyumenyume na boksi langu.

"Umechukua kila kitu?"

"Kila kitu kimepimwa," nikamjibu.

Kiwanja cha ndege nitakiruka, isipokuwa jambo moja. Mkaguzi alitaka boksi lifunguliwe, likafunguliwa. Akatazama, akaridhika, na mkono wake ukaangukia kwenye wenzo wa breki. Sijui ni nini kipo ndani ya binadamu, lakini hakuna mtu anayeweza kuona breki asiibinye. Akaibinya mara nne. Breki za diski zinazotumia mafuta, ukizibinya wakati gurudumu limetolewa, pistoni zinasogea na pedi zinakutana katikati, zinagoma kuachiana. Ndiyo maana huwekwa kipande cha plastiki katikati. Kipande hicho nilikuwa nacho. Nilikiacha nyumbani kwa sababu kilikuwa na gramu kumi na moja.

Tukatua mchana. Safari yangu ilikuwa ianzie kwenye mnara wa taa za meli, kilomita kumi na nne kutoka hapo, nami nilikuwa nimejiapiza kwamba nitafika kwa baiskeli, si kwa gari. Nikatandika boksi chini ya nguzo nje ya jengo, nikaanza kuunganisha. Watu hawachelewi. Kwanza madereva teksi wawili, kisha mama mmoja na mizigo yake, kisha mzee mmoja wa makamo ambaye alijitafutia kabisa pa kukaa.

Kwa kuwa nilikuwa na hadhira, nikawa mwalimu. Nilizitanua zile pedi kwa bisibisi bapa huku naeleza habari za pistoni. Nilipofika kwenye pedali nikatoa somo zima la hesi ya kushoto, mpaka dereva mmoja akasema, "Huyu ni injinia huyu." Sikukanusha. Gurudumu, usukani, karia, mifuko. Nikapuliza tairi. Nikainamia boksi kuchukua kitu cha mwisho.

Karatasi. Kamba. Soksi moja, kavu, gramu thelathini na mbili. Nikaligeuza boksi juu chini nikalitikisa. Likadondosha vumbi.

Nikageuka kuitazama baiskeli. Ilikuwa imesimama vizuri, imebeba mizigo yake, imenyooka, na pale juu ambapo makalio ya mtu huenda palikuwa na tundu la duara, jeusi, linanitazama. Hakuna aliyesema kitu. Hatimaye yule mzee akakohoa kwa heshima zote.

"Kijana, hizi ndizo za kisasa?"

Nikampigia simu mke wangu. Nikamwomba afunge mlango wa mbele, aangalie nyuma yake. Nikasikia mlango ukijibamiza. Nikasikia kimya. Kisha nikasikia simu ikianguka, na kicheko chake kikija kutoka mbali, kutoka sakafuni, kikiishiwa pumzi na kuanza upya. Alipookota simu alisema neno moja tu:

"Nikupimie?"

Mzee akanielekeza kwa fundi, kilomita tatu mbele, njia ya kwangu hiyohiyo. Nikazipiga kilomita tatu hizo nimesimama. Inawezekana, msinielewe vibaya. Miguu inawaka, mizigo nyuma inakuyumbisha, lakini unaenda. Kazi ni kukumbuka. Mwili una mazoea yake ya miaka; ukifika kwenye mteremko tu, unataka kukaa. Mara mbili nilianza kukaa. Mara mbili nilikumbuka kwa wakati, na hapo simwelezi mtu zaidi.

Fundi alinitazama, akatazama tundu, akaingia ndani bila kuuliza swali, akatoka na siti. Ilikuwa imetoka kwenye baiskeli nyeusi ya chuma, zile za zamani: pana kama sinia, ngozi imepasuka, chini yake springi mbili nene kama vidole gumba. Bomba lake lilikuwa la milimita 25.4. Tundu langu ni 27.2. Likaingia likapwaya kama kijiko kikombeni.

"Kanunue soda nne, bosi," fundi akasema.

Nilidhani ana kiu. Kumbe ni makopo aliyoyataka. Mbili nikanywa mimi, mbili akanywa yeye kwa pesa yangu, kisha akayakata kwa mkasi kuwa mikanda, akaizungushia bombani, mkanda juu ya mkanda. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita tu, kwa hiyo alizungusha mara tisa, anajaribu, anatoa, anaongeza. Hakupima chochote. Raundi ya tisa bomba likaingia kwa kugongwa kidogo na kiganja, akakaza nati, akaining'inia siti nzima kwa uzito wake. Haikusogea.

Mimi, kwa kuwa ni mimi, kabla hajaligonga nilimwomba dakika moja. Nilikuwa na mizani ndogo ya kuning'inizia mizigo, ndiyo, niliibeba. Siti, bomba na bati lake: kilo 2.1.

Niliufikia mnara wa taa jua linazama, springi zikilia kwikwi, kwikwi kila nikikanyaga pedali, na watoto waliokuwa ufukweni walinisikia kabla hawajaniona. Nikapiga hema. Simu ikaingia picha: siti yangu imelala juu ya mizani ya jikoni, na maneno chini yake, "648. Ulipima vizuri."

Nikaizima simu, nikaenda kutafuta mswaki. Ulikuwa mfupi hivi kwamba ilibidi vidole viwili viingie mdomoni pamoja nao, vilevile viwili visivyo na ngozi, na dawa ya meno ni ya mnanaa.