Bundi Akianza Kufundisha, Mtoto Anageuka

Muswada wangu wa kwanza wa katuni ulihusu kivuli, na kazi yote nilimpa bundi. Kobe alikiogopa kivuli chake, akahangaika huku na huku, akabingirika. Kisha bundi akatua tawini na kueleza: asubuhi jua likiwa chini, kivuli hurefuka, likipanda hadi utosini, hufupika. Sentensi zake zilikuwa sahihi kabisa. Tuliwaonyesha watoto kumi na wawili wa miaka mitano michoro ya awali yenye sauti tu. Kobe walimtazama bila kupepesa macho. Bundi alipofungua mdomo, mmoja akaanza kufungua kamba za viatu, wawili wakasukumana, na msichana wa mbele akaniuliza kama kobe ameumia. Baadaye tuliwauliza hadithi ilihusu nini. Wakajibu: kobe alianguka.

Nimeandika miswada mingi tangu siku ile, na bado naamini kosa lile ndilo linaloua katuni nyingi za kuelimisha. Hadithi inasimamishwa ili somo lipite.

Mtafiti Shalom Fisch alilieleza vizuri jambo hili mwaka 2000. Akili ya mtoto ina nafasi finyu ya kushughulikia mambo kwa wakati mmoja, na hadithi na somo huigombania nafasi hiyo. Somo likikaa mbali na hadithi, mtoto hubaki na hadithi. Likiwa ndani yake, kufuata hadithi ni kufuata somo.

Kwa hiyo katika muswada wa pili nilimwondoa bundi. Jua kali, kobe amechoka, na kivuli pekee ni cha nguzo. Analala kwenye ncha ya kivuli hicho. Kivuli kinafupika, mgongo unabaki juani, anaamka na kusogea. Analala tena, kinafupika tena. Hakuna anayeeleza chochote. Mara ya tatu watoto walikuwa wakipiga kelele "Sogea!" kabla kobe hajafumbua macho. Mtoto anayeweza kukisia kivuli kitaelekea wapi ameshajifunza, hata kama hawezi kukueleza.

Kelele ile ilipata pa kuingia kwa sababu tulikuwa tumeacha kimya cha sekunde chache. Kukitetea kimya hicho ni kazi ngumu. Watayarishaji wengi wakisikia kimya wanadhani kuna kitu kimesahaulika, wanataka muziki au mstari mwingine wa mazungumzo. Lakini mtoto mdogo anahitaji muda wa kuona, kufikiri na kujibu, muda mrefu kuliko tunavyodhani sisi watu wazima tunaosoma muswada kwa haraka mezani.

Masomo ya tabia ni magumu zaidi, na hapa naomba waandishi wenzangu tuwe makini sana. Mwaka 2008 Marie-Louise Mares na Emily Acosta walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliotazama katuni yenye mbwa wa miguu mitatu, anayeogopwa kwanza kisha anakubaliwa. Somo lililokusudiwa lilikuwa kuwapokea walio tofauti nasi. Watoto wengi waliona somo linahusu mbwa wa miguu mitatu. Pia tazama muda unavyogawanywa: katika kipindi cha dakika saba, mhusika huweza kudhihakiwa kwa dakika sita na kuombwa radhi kwa nusu dakika. Mtoto ameona nini zaidi?

Halafu kuna orodha. Anayelipia kipindi anataka usafi, hesabu, heshima na mazingira, vyote katika dakika hizo saba, na mara nyingi nyongeza inakuja wachoraji wameshaanza kazi. Katuni ya kuchorwa kwa mkono huenda kwa fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde, na kwa kawaida mchoro mmoja hushika fremu mbili. Dakika saba ni michoro 5,040. Ukiandika "umati unashangilia mvuani" umetumia maneno matatu, na mtu mwingine atakesha. Ndiyo maana nasisitiza watoto wasomewe muswada ukiwa bado karatasi. Kosa likigundulika hapo, unafuta mstari tu.

Linaloniuma kuliko yote ni lugha. Miswada mingi ya Kiswahili huanza kama tafsiri, na namba ndizo zinazoumbua. Moja, mbili, tatu ni wimbo mtamu, lakini ziweke kwenye vitu: vikombe viwili, mipira miwili, macho mawili, watoto wawili. Moja hadi tano na nane hubadilika; sita, saba, tisa na kumi hubaki zilivyo. Mtoto aliyeambiwa "mbili" anasikia maumbo manne ndani ya nusu dakika, na mtafsiri hakuona tatizo kwa sababu vitu vilichaguliwa kwa lugha nyingine. Kama ndiyo mara yake ya kwanza kuhesabu, mpe nyota, taa, kalamu na nyumba. Hapo mbili itabaki mbili. Ngeli nyingine zitakuja na kipindi chake. (Niliwahi kuletewa muswada wa herufi wenye A na picha ya tufaha, na mchoro ulishakamilika.)

Lugha hiyohiyo inatupa hadithi ambazo hakuna tafsiri ingezifikia. Mezani nina ukurasa mmoja ninaoupenda. Kaka na dada wamelala chali nyasini. Kaka anasema, "Ndege wawili!" Dada anasema, "Siyo wawili, ni mbili! Ndege mbili!" Wanabishana, kila mmoja akinyoosha kidole upande wake. Picha inarudi nyuma taratibu: kulia, ndege wawili wanapiga mabawa, kushoto, ndege mbili zinatoka mawinguni na mistari yao myeupe. Baada ya hapo nimeandika sekunde nne za kimya, na kwenye kikao kijacho sitakubali hata moja ipunguzwe.