Desemba hii, wanachuo tuzibe pengo la damu

Kila Desemba shule za sekondari hufungwa, na benki ya damu huanza kupungukiwa. Uhusiano wake hauonekani haraka, lakini upo: wanafunzi wa sekondari waliotimiza miaka 18 ni sehemu kubwa ya watu wanaochangia damu kwa hiari Tanzania. Timu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama ikifika shuleni asubuhi, inawakuta vijana wengi wenye afya mahali pamoja. Wakisharudi makwao, timu hiyo inalazimika kuzunguka sokoni na stendi kumshawishi mtu mmojammoja. Na huo ndio msimu ambao mabasi yamejaa watu wanaokwenda kula sikukuu kwao, na ajali hazikosekani. Huwezi pia kujaza majokofu mwezi Septemba ukastarehe, kwa sababu chembe nyekundu za damu hukaa wiki tano au sita tu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano.

Lakini vyuo vikuu vyetu vingi, wakati huo, vinakuwa katikati ya muhula. Hosteli zimejaa. Ndiyo maana nasema kwamba mwanachuo anayetafuta pa kujitolea aanzie hapa.

Najua mazoea yetu ni mengine. Ikitajwa huduma kwa jamii, kikundi cha darasa huchangishana, hununua sabuni na sukari, hukodi Coaster na kwenda kwenye kituo cha watoto yatima. Picha hupigwa, watoto huimba, jioni watu wanarudi chuoni. Moyo wa wanaokwenda siutilii shaka. Ninachokipinga ni kwamba mtoto anazoea kupokea wageni ambao hatawaona tena, na kituo hakiwezi kupanga lolote kwa kutegemea ugeni wa siku moja. Damu haina shida hiyo. Anayeipokea hakujui, hahitaji kukuimbia, na alichokipata hakikuhitaji nauli wala mchango wa darasa. Unaweza kuitoa hata kama bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, halijaingia.

Mahitaji yenyewe ni makubwa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7. Kwa kipimo kinachotumika sana, cha chupa 10 kwa kila watu 1,000, tunahitaji zaidi ya chupa 600,000 kwa mwaka. Nyingi huishia kwa watu ambao habari zao haziandikwi popote: mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mgonjwa wa selimundu. Mama wa aina hiyo anaweza kufariki ndani ya saa chache. Damu ikikosekana, ndugu huambiwa watafute mtu wa kuchangia, nao wanaanza kupiga simu usiku wakati mgonjwa anasubiri. Damu inayomwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa na kuwekwa kwenye jokofu kabla hajaihitaji.

Mambo yenyewe si magumu. Unajaza fomu, unapimwa uzito (usipungue kilo 50), shinikizo la damu na wingi wa damu, kisha unalala kama dakika kumi wakati mfuko wa mililita 450 hivi unajaa. Soda na biskuti, unapumzika, unarudi zako. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mwanachuo wa shahada ya miaka mitatu akitoa mara moja kila muhula, atahitimu akiwa ametoa chupa sita.

Kinachowazuia wengi ni hofu ya majibu, kwa kuwa kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kwenda. Homa ya ini B inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na kijana wa miaka 21 akijua mapema ana nafasi nzuri ya kulinda ini lake.

Kuna pendekezo ninalolisikia, kwamba vyuo vitoe alama au vyeti ili watu wajitokeze kwa wingi. Nalipinga kabisa. Ile fomu inauliza maswali ya siri kuhusu maisha yako, na vipimo haviwezi kugundua maambukizi ya siku chache zilizopita. Usalama wa mgonjwa unategemea ukweli wako. Mtu anayefuata alama ana sababu ya kuficha. Aliyekuja kwa hiari anaweza kusema "leo sifai" na kuondoka bila kupoteza kitu. Chuo kitoe ukumbi, kitoe saa mbili zisizo na vipindi, basi.

Na wasiofaa kuchangia? Mwenye kilo 46, anayenyonyesha, anayetumia dawa fulani? Kazi yao huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Serikali ya wanafunzi inahitaji watu wa kuwasiliana na ofisi ya kanda ya Damu Salama mapema, Oktoba au Novemba, kupanga tarehe. Inahitaji wa kupita chumba kwa chumba hosteli kujibu maswali, wa kukaa na anayechangia kwa mara ya kwanza akiwa na wasiwasi, na wa kutuma ujumbe baada ya miezi mitatu au minne kumkumbusha kwamba muda wake umefika tena.