Ketobeli sio ya mikono, ni ya nyonga

Wadau, hili nalisemaga jimu kila siku, leo acha niliandike kabisa. Lile chuma la duara lenye mshikio juu, ketobeli, watu wengi wanalichukulia ni dambeli yenye umbo tofauti tu, wanalinyanyulia mikono weee mpaka mabega yanawaka, afu wanalalamika mbona sioni mabadiliko. Utayaona wapi wakati kazi yake kubwa iko kwenye nyonga, makalio, nyuma ya mapaja na mgongo?

Chuma hiki asili yake ni Urusi, kilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka, na ndio maana mpaka leo uzito wake wa kawaida kule ni kilo 16, 24 na 32, sababu kipimo chao cha zamani, pud, kilikuwa kilo 16 na kidogo. Baadae ikawa michezo ya nguvu, na mwaka 1985 Wasovieti wakafanya mashindano ya kwanza ya taifa pale Lipetsk.

Zoezi mama ni swingi. Unarudisha makalio nyuma, mgongo umenyooka, afu unasukuma nyonga mbele kwa nguvu na chuma kinapaa mpaka usawa wa kifua, mikono inashikilia tu. Wengi wanaharibu hapa kwa kuchuchumaa. Mwangalie mama anayefagia uwanja kwa fagio la chelewa, anakunjika kwenye nyonga na magoti anayalegeza kidogo tu, basi ndo hivohivo.

Na faida zake zimepimwa, sio stori za makochi. Uingereza mwaka 2012 walichukua wanaume wakawapigisha swingi dakika 12 tu, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6, chuma chenyewe kilo 12 au 16, na nguvu za miguu zikapanda karibu asilimia 10 na kuruka juu nako kukaongezeka. Dakika 12 jamani! Nani anakosa dakika 12?

Ila kinachonigusa zaidi ni utafiti wa Denmark wa 2011, wafanyakazi 40, wengi wanawake, wengi wao wakiwa na maumivu ya shingo, mabega na mgongo, yale yale tunayoyalalamikia sisi tunaokaa kwenye kiti kutwa nzima. Baada ya wiki 8, wale waliopigishwa ketobeli maumivu yao ya shingo na mabega yalipungua na mgongo ukapata nguvu. Pumzi je? Haikuongezeka. Na hapa ndo nawaomba makochi muwe wakweli kwa wateja, swingi zinapandisha mapigo ya moyo kwelikweli, ukizipiga mfululizo dakika 12 utahema, lakini kama unataka pumzi ya kukimbia kilomita 10 basi kakimbie pia, usidanganywe kwamba chuma kimoja kinamaliza kila kitu. Na yale matangazo ya kalori 20 kwa dakika yalitoka kwa watu waliokuwa wazoefu tayari na wanaokaza haswa, sio mtu aliyeanza juzi. Kitambi nacho kinataka uangalie sahani kwanza.

Kama una mgongo unaouma sasa hivi muone daktari au mtu wa fiziotherapia kwanza, na mkao ufundishwe na mtu anayejua kabla hujaongeza kilo.

Jambo la mwisho, na hili linaniuma. Mwanaume akiingia jimu anapewa kilo 16 moja kwa moja, dada anapewa ya kilo 2 ya pinki. Huyo dada nyumbani anabeba ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji, anaitoa bombani mpaka jikoni, na hakuna anayemuonea huruma! Mpeni kilo 8, mfundisheni swingi vizuri, akizoea mpeni 12, na akiitaka ya 16 mwacheni aichukue.