Chupa ya chai ya shanga ni ya kuwekea chai

Kabatini kwangu kuna chupa ya chai ya lita mbili ambayo haijaona chai tangu Pasaka. Niliivalisha shanga mwenyewe, nyekundu, nyeupe na buluu, jioni baada ya jioni kwa karibu miezi miwili. Sasa kila mtu nyumbani anaiogopa. Wifi yangu alipokuja, niliinyanyua nitie chai, akanizuia: "Wewe wifi, utaiharibu bure!" Tukachota chai kwenye sufuria kwa upawa, chupa ikitutazama.

Nadhani tunakosea. Angalia kibuyu cha maziwa cha Kimaasai. Nje kina ngozi, shanga na kauri, lakini ndani kinasuguliwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu na maziwa yanagandia humohumo. Hakuna anayekistaafisha kwa sababu kimependeza.

Najua wapo wanaopamba vitu ili visitumike tena. Liza Lou, msanii wa Marekani, alitumia miaka 5, 1991 hadi 1996, kufunika jiko zima kwa shanga, pamoja na maji yanayotiririka kwenye sinki na vyombo vichafu. Leo ni mali ya makumbusho ya Whitney, New York. Namvulia kofia. Ila mimi nina wageni wa kunywesha chai.

Nikiri, chupa yangu ya kwanza ilistahili kuogopwa. Nilibandika kwa gundi vile vijiwe vya kioo vinavyometa (siyo tanzanaiti ya Mererani, msije mkanivamia). Vijiwe hivyo vimepakwa rangi ya fedha mgongoni, na hiyo ndiyo inayorudisha mwanga. Maji yakipenya nyuma yake, kijiwe kinafubaa kama jicho la samaki wa juzi. Nilipoiosha mara tatu tu, ikawa na mabaka.

Nikaipeleka Soko la Wamasai hapa mjini Arusha, kwa yeyo mmoja, mama wa Kimaasai ninayenunua kwake. Hakusema kitu. Alipitisha ukucha wa kidole gumba, kijiwe kikadondoka kwenye kanga yake. "Hii umebandika," akasema, "hujafunga."

Akanionyesha: uzi wa nailoni, sindano nyembamba, kila shanga inapitiwa mara mbili, na kinachofumwa ni vazi la chupa linaloingia kwa chini kama soksi. Likichafuka unalivua. Akanikataza pia kuchanganya shanga za Cheki, zinazotoka Jamhuri ya Cheki, na zile za bei rahisi, maana za Cheki zinalingana zenyewe kwa zenyewe, lakini hizo nyingine kila moja ina tumbo lake. Nilichanganya, kwa ubahili. Mstari wa nne umepinda hadi leo na ndio ninaoupenda kuliko yote.

Jumapili wifi anakuja tena. Tangawizi nimeshaitwanga, na sufuria nitaificha.