Nilikwenda Kigali Kupumzika

Ukiwa mtu wa Moshi, habari za usafi hazikutishi. Mji wetu umeshinda mashindano ya usafi ya kitaifa mpaka wengine wakakata tamaa, na tangu utoto tunajua ukidondosha ganda la muwa pale stendi, mgambo anatokea usikomtegemea na kitabu cha faini. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Kigali aliponiambia, "Njoo uone usafi," nilicheka. Nikamjibu nakuja kuwakagua.

Ukaguzi uliishia Rusumo, mpakani. Mama alikuwa amenifungia zawadi kwa mtindo wake: magadi kwenye nailoni, dagaa kwenye nailoni, ulezi kwenye nailoni mbili. Rwanda walipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, sisi tukafuata 2019, na mama bado ana akiba yake chini ya godoro. Askari alikuwa kijana mpole, wala hakupandisha sauti. Alichukua mifuko, akaniachia vilivyokuwemo. Ulezi nikaumwaga kwenye kofia, magadi nikayatia kwenye soksi, dagaa nikawafunga kwenye shati langu la kanisani. Tukavuka, basi likahamia kulia mwa barabara, na kila lori lililokuja mbele yetu nilijua ndilo letu. Nikafumba macho mpaka Kigali, nikinuka kama mwalo wa Mwanza.

Bodaboda za kule sizisemi sana. Nilipanda na mpwa wangu, dereva akazima pikipiki na kukaa kimya mpaka mmoja wetu akashuka. Mshikaki hawaujui.

Mambo yenyewe yalikuwa Jumamosi. Niliamka na hamu ya supu, nikatoka. Barabara tupu, maduka yamefungwa. Nikajiambia labda ni sikukuu, nikatembea kifua mbele hadi kona, na pale nikaukuta mtaa mzima umeinama kwenye mtaro: wazee, vijana, mama mmoja wa miwani ya dhahabu, na shemeji yangu, mtu wa benki, amevaa buti hadi magotini. Ndiyo umuganda wenyewe, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano.

Nilikuwa nageuza taratibu niliposikia Kiswahili kilichonyooka.

"Mgeni wa Moshi! Si kwenu ndio kiboko ya usafi? Njoo utuonyeshe."

Alikuwa mzee mwenye duka. Nani alimwambia? Mimi mwenyewe, jana yake, nikinywa soda yake kwa mkopo.

Nikapewa jembe lenye mpini mrefu kuliko mimi. Nikalishambulia tope kwa sifa, na donge zima likaruka likatua kwenye miwani ya dhahabu. Yule mama akaivua, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena. "Komera," akaniambia, yaani nikaze. Heri angenitukana.

Kazi ilipoisha kukawa na mkutano, na mgeni akaombwa aeleze kwao wanafanyaje. Nikasimama. Nikawaambia Tanzania nasi tuna Jumamosi yetu ya mwisho wa mwezi, watu wanasafisha kwanza ndipo wafungue biashara. Kweli tupu. Ila sikugusia kwamba Jumamosi hiyo mimi hukiacha kibanda changu cha mitumba pale Memorial kimefungwa, nikapanda Kibosho kwa shangazi, nikanywa mbege mpaka mafagio yarudi ndani. Wakapiga makofi. Dada akarekodi, akairusha kwenye kundi la ukoo. Ukoo wetu tena! Kabla sijafika Moshi, video ilishafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwezi uliofuata, Jumamosi ya mwisho, nimeshavaa koti la kwendea Kibosho, nikasikia hodi. Mwenyekiti, wajumbe wawili, na toroli.

"Mangi, tumekuona," akasema, akinisogezea simu. Nikajiona, tope hadi kwenye nyusi, nahutubia.

"Mwenyekiti, leo nina dharura kwa shangazi."

"Shangazi tumeshampigia. Anasema mtaro wa nyuma ya bucha ukiisha, mbege utaikuta."