Shemeji yetu bado mgeni

Wiki iliyopita shemeji yangu alikwenda kuulizia uraia. Jamaa alivuka mto Ruvuma akitokea Mueda, Msumbiji, enzi za ujana wake, akamuoa dada yangu Newala, na mikorosho ya huko ukweni anaipalilia na kuipuliza salfa kila msimu. Akasikilizwa kwa adabu zote, kisha akaambiwa ndoa yake haimsaidii kitu. Angekuwa mwanamke, sawa.

Someni kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia ya 1995. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba tajnisi, yaani uraia wa kupewa, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanaume aliyemuoa Mtanzania apange foleni na wageni wengine: miezi 12 mfululizo nchini kabla ya kuomba, na katika miaka 10 ya nyuma yake awe amekaa jumla ya miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. (Ukimpigia shemeji Kiingereza atakukaribisha korosho, basi.) Ajitangaze gazetini, ahojiwe na kamati.

Hivi waliotunga kifungu hiki walishawahi kufika kusini? Wao wanaamini mke humfuata mume. Kwetu Wamakonde, hata kama mjini siku hizi mila zimelegea, mwanaume ndiye anayehamia ukweni. Ukoo tunauhesabu kwa mama, na msemaji wa watoto ni mjomba. Mjomba mwenyewe ndiye mimi, kwa hiyo niacheni nikasirike. Shemeji alifanya walichofanya babu zetu: alifunga mzigo, akaja kujenga kwa mkewe. Bibi zetu waliweza kuleta mume kutoka ng'ambo ya mto, na akawa mtu wa kijiji. Dada yangu ana kitambulisho cha NIDA, anapiga kura, anauza korosho ghalani kwa jina lake, lakini uwezo huo wa bibi yake hana. Mimi kesho nikioa Palma, huko huko Msumbiji, mke wangu mlango uko wazi. Nimemzidi nini dada?

Najua mtasema usalama. Haya, nakubali kwa shingo upande: Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, halijatulia tangu waasi waanze mashambulizi 2017, na walivyokishambulia kijiji chetu cha Kitaya 2020 hatujasahau. Mhojini mpaka jina la nyanya yake. Ila risasi haziulizi jinsia, na kifungu cha 11 hakilindi mpaka wowote. Kenya waliumaliza ubaguzi huu kwenye Katiba ya 2010: miaka 7 ya ndoa, mume au mke, unaomba. Nchi bado ipo.

Ya waziri kuruhusiwa kukataa ombi bila kutoa sababu, na ya kuukana kwanza uraia wa kwenu, tutayasema siku nyingine.

Watoto wa shemeji ni raia kwa kuzaliwa, kupitia mama yao. Yaani sheria hiyohiyo inamwamini dada yangu kwa watoto wake, ila kwa baba yao inamtilia shaka. Waheshimiwa wabunge wa Mtwara na Lindi, kura za akina mama mnajua kuziomba. Hoja binafsi mnajua kuiandika?